Mapigo ya Ziada ya Kitanda cha Nne

Kitengo cha Ubora cha hospitali kilitangaza, kwa waraka wenye nembo juu na sahihi mbili chini, kwamba monita zote kumi na mbili za wodi ya moyo zimekaguliwa, zimepimwa na kuthibitishwa kuwa hazina kasoro ya aina yoyote. Na kwamba kuanzia tarehe ya waraka huo, hitilafu yoyote itakayoonekana kwenye skrini ya monita ichukuliwe kuwa ni ya mgonjwa. Waraka ulibandikwa kwenye mlango wa wodi. Kwa kuwa mlango ule ulikuwa wa kusukuma, ulisomwa na viganja zaidi kuliko macho.

Mtu ambaye waraka ule ulipaswa kumfurahisha kuliko wote alifanya kazi chini ya ngazi, katika chumba kilichojengwa kiwe stoo ya mifagio. Hospitali nzima ilimwita Mama Lehemu, kwa sababu nguo zake, hata zikifuliwa mara tatu na kuanikwa juani kutwa, zilinukia ule moshi wa lehemu inapoyeyuka. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza akiwa ameinama juu ya bodi za umeme, na shingo yake ilikuwa imeshaikubali hali hiyo. Hata akitembea barabarani alionekana kama anatafuta skrubu iliyodondoka.

Monita zilitoka ng'ambo, lakini kilichozipa uhai kilitoka mikononi mwake. Pawasaplai zilizokuja nazo ziliungua moja baada ya nyingine katika mwaka ambao umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa hasira, na kiwanda kilipoandikiwa kilijibu kwa adabu kubwa kwamba kimeacha kutengeneza vifaa vya aina hiyo. Basi Mama Lehemu akachora zake. Pawasaplai ni kile kisanduku kinachouchukua umeme mkali wa ukutani na kuugeuza kuwa volti kumi na mbili za upole ambazo mashine inaweza kuzila bila kudhurika. Hakiupitishi moja kwa moja. Huuchota vipande vipande, maelfu ya mara kwa sekunde, kikaushika kidogo ndani ya transfoma, kisha kikaumwaga upande wa pili, kama mtu anayehamisha maji kwa kata. Transfoma hizo alizizungushia waya wa shaba yeye mwenyewe, akihesabu mizunguko kwa midomo bila sauti, na mtu akimsemesha alianza upya. Zilipowaka zote kumi na mbili, mkurugenzi alimpa cheti na kumshika mkono mbele ya kamera ambayo baadaye iligundulika haikuwa na betri.

Sasa, wiki ile, mama yake mzazi alianguka jikoni akiinua sufuria. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, ajuza wa miaka sabini na minne mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alizinduka baada ya dakika chache, akawagombeza majirani waliomwagia maji kwenye kitenge kipya, akaletwa hospitali akiendelea kugomba. Akalazwa wodi ya moyo, kitanda cha nne. Mama Lehemu alipoiona monita pale juu, taa yake ya kijani ikiwaka vizuri, alihisi fahari kidogo, kama mzazi anayepita ofisini na kumkuta mwanawe kazini.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, kabla ya saa tano asubuhi. Saa tano monita ikaonyesha mapigo ya ziada. Yakaendelea usiku kucha. Jumanne yakarudi, saa tano ile ile, na daktari akaandika vidonge vya kuutuliza moyo. Jumatano bibi aliamka mikono ikiwa ya baridi, akijaribu kukaa kichwa kinamzunguka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisahau kumsema mtu. Hilo ndilo lililomtisha binti yake kuliko grafu yoyote.

Alhamisi alipanda wodini saa nne na nusu, kifaa cha kupimia umeme bado kikining'inia mfukoni mwa koti lake la kazi. Akasimama kando ya kitanda akitazama juu.

"Umekuja kunitazama mimi au hiyo televisheni?" mama yake aliuliza.

"Nakutazama wewe, mama."

"Mimi niko huku chini."

Mama Lehemu akashusha macho. "Unajisikiaje leo?"

"Si uiulize yenyewe. Hata daktari wako haniulizi mimi siku hizi. Akija anaisalimu mashine, anaandika, anaondoka. Mimi nimekuwa kama kigoda cha kuiwekea."

Saa tano ilikuwa haijatimia, zilibaki dakika nane, mstari ulipoanza kuchafuka. Kati ya mlima na mlima wa moyo kukachomoza kijiba chembamba. Kikapita. Kikachomoza kingine. Kengele ya monita ikalia mara mbili, sista wa wodi akaja, akainyamazisha, akaandika saa kwenye daftari lake, akaenda kwa mwingine. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na wagonjwa kumi na wawili na miguu miwili.

Bibi alikuwa amekaza macho kwenye skrini, jicho moja limefumbwa, kama alivyokuwa akikagua upindo wa suruali ya mteja msumbufu.

"Hiyo sasa ni kazi ya cherehani," alisema.

"Ipi, mama?"

"Hivyo vijiba. Ile milima mikubwa haifanani, mmoja umenenepa, mwingine umekonda. Hiyo ni kazi ya mkono. Lakini hivi vidogo vyote sawasawa. Urefu sawa, ncha sawa. Mkono wa mtu haushoni hivyo, mwanangu."

Alisema hivyo akafumba macho akalala, kwa sababu dawa ilikuwa ikimlaza. Mama Lehemu akabaki amesimama. Kulikuwa na mambo mawili tu. Ama moyo wa mama yake ulikuwa umeharibika, ama volti kumi na mbili alizozitengeneza kwa mikono yake zilikuwa zikipiga kelele ndani ya mashine, na mama yake alikuwa akinyweshwa dawa ya kelele hizo. Kwa muda usiozidi kukohoa mara moja, alitamani iwe ni moyo. Kisha akajua alichokuwa amekitamani, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Daktari alifika akiwa na faili. Alikuwa kijana mwenye heshima, aliyezoea kuomba radhi hata kwa milango.

"Umejionea mwenyewe, mama," alimwambia. "Vidonge havijasaidia. Saa nane mchana tutamwanzishia dawa ya kwenye mshipa. Ina nguvu zaidi."

"Daktari, ukimshika mkono, hayo mapigo ya ziada unayasikia?"

"Siyasikii. Lakini mapigo ya namna hiyo mara nyingi ni dhaifu, hayafiki mkononi. Ndiyo maana tuna mashine."

"Na hiyo dawa, kama moyo hauihitaji?"

Daktari alitaka kujibu, kisha akautazama mlango wenye waraka. "Kwa nini usiihitaji?" aliuliza, na halikuwa swali la kejeli. Alikuwa akiuliza kweli.

Zilibaki saa tatu.

Mkaguzi wa Kitengo cha Ubora aliitwa Muhuri, na aliyempa jina hilo hakuwa amejisumbua sana. Ofisi yake ilikuwa na feni, zulia, na kile kifaa cha kuonyesha umeme kwa michoro, osiloskopu, ambacho Mama Lehemu alikuwa na kingine kama hicho karakanani, cha zamani zaidi, kilichofungwa kwa utepe. Alimweleza Muhuri kwamba anaomba kuishusha monita ya kitanda cha nne, nusu saa tu, akaipime.

"Imeshapimwa," Muhuri alisema.

"Najua, bosi. Naomba kuipima tena."

"Fundi, hebu tuelewane. Ukisema monita ina kasoro, unasema waraka una kasoro. Waraka una sahihi mbili. Ya kwanza ni yangu. Ya pili ya nani?"

Ya pili ilikuwa ya Mama Lehemu. Aliletewa ile karatasi siku ya malipo ya likizo, kati ya karatasi nyingine saba, akaambiwa ni utaratibu tu, naye akaiweka saini akiwa ameshika waya kwa meno.

"Kwani ulizipimaje?" Mama Lehemu aliuliza.

Muhuri alipenda swali hilo. Akawasha osiloskopu yake kumwonyesha picha alizozihifadhi. Picha ya kwanza ilikuwa imejaa miiba kama ua wa michongoma. "Hii ni kabla," alisema. Akabonyeza kitufe, ikaja picha ya pili: mstari mmoja ulionyooka, umetulia kama maji kwenye beseni. "Hii ni baada."

"Baada ya nini?"

"Baada ya kubonyeza hiki. Kinalainisha. Mashine inachukua michoro mia moja, inaichanganya, inatoa wastani. Wastani hauna miiba."

Hata wastani wa watu wote wa wodi hauna ugonjwa, Mama Lehemu aliwaza, lakini alisema ahsante na kuondoka, kwa sababu alikuwa na adabu na saa mbili na dakika arobaini.

Karakanani kulikuwa na pawasaplai ya kumi na tatu. Aliizungushia waya kutoka roli moja na zile nyingine, akaiweka rafuni kwa akiba. Mwenzake wa karakana, mwanamume wa rika lake ambaye waliitana dada na kaka bila undugu wowote, alikuwa akinywa chai kwenye kopo la gesi lililosafishwa. Yeye walimwita Fyuzi, maana alikuwa wa kwanza kulipuka na wa kwanza kupoa.

"Kaka, niwashie taa," Mama Lehemu alisema.

Taa ilikuwa ya mbele ya gari, imefungwa kwenye ubao. Kila pawasaplai iliyotengenezwa chumbani mle ilipimwa ikiwa inaiwasha taa hiyo. Ndivyo walivyofundishwa na fundi aliyewatangulia, marehemu sasa, aliyekuwa akisema kwamba pawasaplai ni kama mpagazi, hujui nguvu zake mpaka umtwishe mzigo. Fyuzi akaiunganisha. Taa ikawaka. Mama Lehemu akawasha osiloskopu yake, akaibana kalamu yake ya kupimia, ncha kwenye waya chanya, na waya wake mweusi wenye kibanio kwenye hasi. Miiba ikajaa skrini.

"Dada, huu si umeme, huu ni uzio wa gereza," Fyuzi alisema.

"Kumbe Muhuri alikuwa anaificha hii."

Kazi ikaanza. Aliongeza kapasita mpya, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, upande wa kutokea, miiba haikutikisika. Akabadilisha daiodi, ule mlango wa umeme wa njia moja; ikabaki vile vile. Alijua kwamba kila pawasaplai inapoufunga umeme ghafla, transfoma hulia kidogo kama kengele iliyogongwa, na kengele hiyo hunyamazishwa kwa kuwekewa rezista na kapasita ndogo kandokando ya daiodi, zinyonye ule mtikisiko. Akaziweka. Akajaribu rezista tano tofauti, kila moja ikimgharimu dakika sita za kuchoma na kuchomoa. Uzio wa gereza ulisimama pale pale, mwiba kwa mwiba. Jasho lilikuwa likimdondokea kwenye bodi. Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo.

"Utaichoma meza sasa," Fyuzi alisema. "Kaa. Kunywa chai."

"Sina muda wa chai! Wewe una mama?"

"Nilikuwa naye," Fyuzi alisema, na akaweka kopo chini.

Akaichukua kalamu mkononi mwake, polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akaiondoa kwenye pawasaplai. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu dada yake apumzishe mikono. Na kwa kukosa mahali pa kuiweka, akakibana kile kibanio cheusi kwenye ncha ya kalamu yenyewe, akailaza juu ya meza karibu na transfoma.

Miiba haikutoka kwenye skrini.

Walitazamana.

"Hapo tunapima nini?" Mama Lehemu aliuliza.

"Hatupimi kitu. Inajipima yenyewe."

"Na bado ina miiba."

Alielewa kabla hajamaliza kusema. Ule waya mweusi, wenye urefu wa shibiri moja na zaidi, ulijikunja kuwa kitanzi, na kitanzi kilikuwa antena. Kilidaka kelele za transfoma hewani, kama redio. Uzio wote ule wa gereza, au karibu wote, ulikuwa wa waya wa kupimia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amepima hivyo. Fundi marehemu alipima hivyo. Muhuri alipima hivyo, kisha akabonyeza kitufe ili asione alichopima.

Akauchomoa waya mweusi. Akachukua kipande cha waya mtupu, kifupi kama kucha, akakizungusha kwenye shingo ya kalamu, akapima tena, ncha na kile kipande vikigusa bodi kwa pamoja, bila kitanzi. Miiba ikanywea. Kilichobaki ni kikengele kidogo baada ya kila mchoto, kilichokufa haraka kwa sababu rezista na kapasita za daiodi zilikuwa tayari mahali pake, zikifanya kazi tangu nusu saa iliyopita bila yeye kuziona. Mstari ulikuwa safi, hata bila kitufe cha kulainisha.

"Umeshinda!" Fyuzi alipiga meza. "Kazi yako haina hatia, dada!"

Mama Lehemu akakaa juu ya kreti. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Kikengele kidogo kama kile, hata kisiponyamazishwa, kisingeweza kujifanya pigo la moyo. Kilikuwa chepesi mno na cha haraka mno. Basi kazi yake ilikuwa nzima. Basi ni moyo. Mama yake, aliyekuwa akivuta uzi kwa meno na kusema nao huku akivuta, alikuwa na moyo uliokuwa ukiruka, na saa nane angepewa dawa anayoihitaji, na hakukuwa na la kufanya isipokuwa kupanda ngazi na kumshika mkono. Akaona aibu ya asubuhi ikirudi na kukaa karibu naye: si alilitamani?

Fyuzi, asiyejua la kusema, alifanya wanachofanya wanaume wasiojua la kusema. Akaanza kupanga vitu. Taa ya gari ilikuwa imechemka hadi ubao unanuka, akaichomoa, na ili pawasaplai isibaki mikono mitupu, akaichomekea taa ndogo ya dashibodi, ile ya kumulika kipimo cha mafuta.

Skrini ikabadilika.

Mama Lehemu aliona kwa pembe ya jicho. Mstari safi ulikuwa umekatika. Pawasaplai, ikiwa na mzigo mdogo, ilikuwa ikichota kidogo, ikitosheka, inalala. Volti ikishuka inashtuka usingizini, inachota tena kwa fujo, inalala. Kila iliposhtuka ilitupa kijiba kimoja chembamba. Akazungusha kitufe ili mchoro uende polepole. Akaangalia saa ya ukutani, akahesabu kwa midomo bila sauti. Vijiba kumi na vitano kwa nusu dakika. Urefu sawa. Ncha sawa.

"Kaka," alisema taratibu, "sisi tumewahi kuzipima bila ile taa kubwa?"

"Za nini? Mpagazi asiye na mzigo anapimwa ili iwe nini?"

"Wodini wanaosha sakafu saa ngapi?"

"Saa moja hadi saa mbili. Wanachomoa plagi zote, maji yasije yakaua mtu."

"Saa nzima monita zinakula betri. Halafu wanachomeka, pawasaplai inajaza betri. Hapo ina mzigo, haina neno. Betri ikijaa?"

Fyuzi akaacha kupanga. "Mzigo unaisha."

"Inajaa saa ngapi?"

"Saa tano," alijijibu mwenyewe, akiinuka kwenye kreti. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Wodini, sista alikuwa ameshaning'iniza chupa ya dawa kwenye nguzo, mrija bado umefungwa. Daktari alikuwa akisoma faili akiwa amesimama. Mama Lehemu alimweleza kwa sentensi nne, na katika ile ya nne aliishiwa pumzi. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Alisema, kwa upole uliouma kuliko dharau, kwamba kila mtu angependa ugonjwa wa mama yake uwe wa waya.

"Sawa, daktari. Dakika tano. Nipe taulo."

"Taulo?"

Sista ndiye aliyetoa, taulo dogo la mikono, pengine kwa sababu lilikuwa ombi la kwanza siku ile ambalo aliweza kulitimiza. Mama Lehemu akalilowesha kwa maji ya chumvi ya dripu, akalitandika juu ya kimeza. Kisha akavibandua vile viraka vitatu vya waya kwenye kifua cha mama yake. Mstari kwenye skrini ukalala chali.

Bibi akafumbua macho, akatazama juu. "Nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Mbona hakuna kinachouma?"

Viraka vikabandikwa kwenye taulo. Wakasubiri, watu watatu wazima na mgonjwa mmoja, wakilitazama taulo bichi kwa umakini ambao taulo huwa halipewi. Mstari ulikwenda tambarare, tambarare. Kikachomoza kijiba. Tambarare. Kijiba kingine. Kengele ikalia, na maandishi mekundu yakatokea chini ya skrini yakisema mapigo si ya kawaida, mwite daktari.

Daktari alikuwa palepale. Akautazama ule mstari muda mrefu. Rangi ilimtoka usoni taratibu. Alipoongea hakuzungumza na mtu.

"Vile vidonge vya Jumanne," alisema.

Sista akaishusha chupa kutoka kwenye nguzo bila kuambiwa. Daktari akafungua faili, akakata dawa zote mbili kwa mistari miwili miwili, na kalamu ikatoboa karatasi.

Kuitengeneza ya kitanda cha nne hakukuchukua hata saa moja. Zile rezista na kapasita za daiodi, na kisha rezista nyingine moja ya kudumu kwenye sehemu ya kutokea, kazi yake kula umeme kidogo kila wakati ili pawasaplai isipate nafasi ya kulala. Serikalini kuna vyeo vilivyoanzishwa kwa sababu hiyo hiyo, lakini rezista ni ndogo zaidi. Ijumaa saa tano ikapita, saa sita ikapita, na mstari wa bibi ukabaki na milima yake tu. Ilikuwa imeachana mno, moyo ukienda polepole. Daktari alisema dawa itachukua siku kadhaa kutoka mwilini, na kwa umri ule hawezi kuahidi kwamba kila ilichokichukua kitarudi. Kuhusu sababu ya kuanguka jikoni, bado haijulikani.

Mama Lehemu alimwambia mama yake ukweli jioni hiyo, jua likiwa bado dirishani, akiwa amekaa chini kwenye kigoda ili asiweze kutazama juu.

"Ile mashine ni mimi niliyeiharibu, mama. Vile vijiba vilikuwa vyangu. Walikupa dawa kwa sababu yangu."

Bibi alikuwa akichezea upindo wa shuka, akiupima kwa dole gumba.

"Nilijua ni mkono wako," alisema. "Ulivyogeuka rangi nilipokuambia ni cherehani, nikajua."

"Nisamehe."

"Mimi nimeshakusamehe, maana ninakula chumvi yako na sina pa kwenda. Lakini nikuulize. Hawa wenzangu kumi na mmoja, nao wana binti chini ya ngazi?"

Mama Lehemu hakulala vizuri, na Jumatatu asubuhi aliandika barua. Aliandika kurasa mbili: kitanzi cha waya, taa ya gari, betri, taulo. Aliomba monita kumi na moja zishushwe na sahihi yake iondolewe kwenye waraka. Muhuri aliisoma yote, na alipomaliza alionekana kuwa na huzuni ya kweli.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ya kitanda cha nne tutaiita matengenezo ya kawaida. Hizo nyingine zinahitaji kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Mwisho wa robo."

"Hiyo ni wiki saba, bosi. Kuna watu wanameza vidonge."

"Daktari ameshaambiwa awe mwangalifu. Na sahihi haiwezi kuondolewa, fundi. Waraka ukibaki na sahihi moja si waraka tena, ni maoni."

Tangu siku hiyo Mama Lehemu anafika kazini saa moja kasorobo. Wakati wahudumu wanaosha sakafu na plagi zote zimechomolewa, yeye huingia wodini na mfuko wa zana, hushusha monita moja, huiegemeza kwenye dirisha na kuifanyia kazi kabla maji hayajakauka. Hana fomu wala kibali. Sista huwa anatazama upande mwingine kwa bidii. Ni moja kwa siku, si zaidi, kwa kuwa mikono yake siku hizi inatetemeka kidogo anaposhika chuma cha moto, na lehemu haipendi mkono unaotetemeka. Mama yake aliruhusiwa, anaishi naye, anatembea kwa kushika ukuta. Cherehani iko kona ya chumba, imefunikwa.

Jumanne ya wiki iliyofuata Mama Lehemu alikuwa amefika monita ya sita. Siku hiyo, saa tano na dakika kumi, monita ya kitanda cha tisa ililia kengele, viraka vyake vitatu vikiwa vimebandikwa na wahudumu wa usafi juu ya godoro la plastiki lililokuwa bado na unyevu wa kuoshwa. Sista aliinyamazisha na kuandika daftarini, kama waraka unavyoelekeza: kitanda cha tisa, mapigo ya ziada, mgonjwa aangaliwe. Kitanda cha tisa kilikuwa hakina mtu tangu Jumamosi.